SOMO LA AFYA KAZINI: DAWA NA LUGHA YA MFANYAKAZI
Mafunzo kutoka kwa wafanyakazi wa Kihispania huko Marekani



Somo letu la safari hii linahusu dawa. Hatutazungumzia bei ya dawa, wala upungufu wa dawa katika zahanati zetu, ingawa mambo hayo ni makubwa na yanastahili masomo yake peke yake. Tutazungumzia jambo linalokuja baada ya hapo. Mfanyakazi amekwisha kupata dawa, ameishika mkononi, lakini maelezo ya kuitumia yameandikwa kwa lugha asiyoijua. Je, dawa hiyo itamponya au itamdhuru?

Tumechagua mfano wa mbali, yaani watu wa asili ya Kihispania wanaoishi Marekani. Tumewachagua kwa sababu tatu. Kwanza, wengi wao ni wafanyakazi kama sisi: wachuma zabibu na nyanya, wafanyakazi wa viwanda vya nyama, wafagiaji wa hospitali, wajenzi. Pili, nchi wanayoishi ni tajiri na ina dawa tele. Kwa hiyo tunaweza kuona wazi kwamba wingi wa dawa peke yake haumponyi mtu. Tatu, watu hawa hawakukaa kimya. Walijiunga, wakadai, na baadhi ya madai yao yakawa sheria. Hapo ndipo penye somo kwetu.

1. NI WATU GANI HAWA?

Hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 2020 ilionyesha watu milioni 62 wa asili ya Kihispania au ya Amerika ya Kilatini, karibu mtu mmoja katika kila watu watano. Wengi asili yao ni Meksiko. Wengine wametoka Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika, El Salvador, Guatemala na kwingineko.

Si wote waliohamia. Mwaka 1848, baada ya vita, Meksiko ililazimishwa kuiachia Marekani eneo kubwa la nchi yake, pamoja na California, na watu waliokuwa wakiishi humo wakajikuta chini ya bendera nyingine bila ya kuhama nyumba zao. Puerto Rico ilichukuliwa mwaka 1898, na wenyeji wake wakapewa uraia wa Marekani mwaka 1917. Halafu, kuanzia 1942 hadi 1964, serikali mbili za Marekani na Meksiko zilikuwa na mpango ulioitwa Bracero, wa kuleta vibarua wa Meksiko katika mashamba ya Marekani kwa mikataba ya muda mfupi. Mikono ilitakiwa, mwenye mikono akiugua, alirudishwa kwao.

Tena yafaa tujue kwamba baadhi ya vibarua wanaoitwa Wahispania hawakuzaliwa na Kihispania. Wenyeji wa asili wa Oaxaca huko Meksiko na wa milima ya Guatemala wana lugha zao, kama vile Kimixteco na Kimam. Kwao Kihispania ni lugha ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Msomaji wetu aliyetoka kijijini na lugha ya mama, akajifunza Kiswahili kazini, na sasa anapewa dawa yenye maandishi ya Kiingereza, ataelewa hali hiyo bila ya kuelezwa zaidi.

2. NENO MOJA LAWEZA KUUA

Tuchukue mfano mdogo sana. Katika Kiingereza neno "once" maana yake ni mara moja. Katika Kihispania kuna neno linaloandikwa kwa herufi hizo hizo, "once", na maana yake ni kumi na moja. Daktari anaandika kwamba dawa ya presha iliwe "once" kwa siku. Mgonjwa anasoma kwa lugha yake: kumi na moja kwa siku. Dawa ya presha ikiliwa mara kumi na moja, presha itashuka hadi mtu azimie, na huenda asiamke. Ndiyo sababu wafamasia wa Marekani wanaofundishwa kuwahudumia Wahispania hutahadharishwa juu ya neno hili.

Hatari huenda pande zote mbili. Mwaka 1980, katika jimbo la Florida, kijana wa miaka 18 aliletwa hospitali akiwa hajitambui. Jamaa zake walitumia neno "intoxicado". Kwa Kihispania cha kwao neno hilo lina maana kwamba mtu amedhurika kwa kitu alichokula au kunywa. Waganga waliosikia neno hilo walidhani ni sawa na neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakaamini kijana amezidisha madawa ya kulevya kwa makusudi. Wakamtibu kwa hilo. Kumbe damu ilikuwa inavuja ubongoni mwake. Ilipogunduliwa, siku zaidi ya mbili zilikuwa zimepita, na kijana akabaki amepooza mikono na miguu yote miwili. Kesi hiyo ilimalizika kwa fidia ya kiasi cha dola milioni 71. Mkalimani wa saa moja angeigharimu hospitali pesa ngapi?

Mfano wa tatu ni vijiko. Kijiko cha chai cha kupimia dawa ni mililita 5. Kijiko kikubwa cha mezani ni mililita 15, yaani mara tatu. Kwa Kihispania cha kwanza huitwa "cucharadita" na cha pili "cucharada". Herufi chache tu ndizo zinazotofautisha majina hayo, lakini mtoto mchanga akipewa cha pili badala ya cha kwanza, amepewa dawa mara tatu. Sisi pia tuna vijiko hivyo hivyo majumbani, na vijiko vya nyumbani havilingani. Dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa kikombe au bomba lililokuja na chupa, si kwa kijiko cha sukari.

Mfano wa nne unahusu majina ya dawa. Dawa ya maumivu na homa ambayo Mmeksiko huijua kwa jina la paracetamol, sawa na sisi, huko Marekani huandikwa acetaminophen. Ni dawa ile ile. Mchuma matunda mwenye mgongo unaouma anakunywa paracetamol aliyoletewa kutoka kwao, na haimtoshi. Anakwenda dukani, anauziwa acetaminophen, anakunywa na hiyo pia, akidhani ni dawa nyingine. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 za dawa hii kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Akizidisha sana, ini huharibika, na mtu aweza kufa. Zaidi ya hayo, dawa nyingi za mafua zimechanganywa na dawa hiyo hiyo ndani yake.

3. UCHUNGUZI WA BRONX

Bronx ni mtaa mkubwa wa jiji la New York wenye wafanyakazi wengi wa asili ya Puerto Rico na Dominika. Mwaka 2010 lilitolewa katika jarida la madaktari wa watoto tokeo la uchunguzi uliofanywa katika maduka ya dawa ya mtaa huo. Wachunguzi walikuta kwamba maduka mengi, karibu robo tatu, yalikuwa yakitoa vibandiko kwa Kihispania. Jambo hilo lilionekana zuri. Lakini walipouliza nani anatafsiri, walio wengi walijibu kwamba ni kompyuta. Wachache walimtegemea mfanyakazi yeyote wa duka anayejua Kihispania. Waliotumia mkalimani aliyesomea kazi hiyo walikuwa wachache mno.

Wachunguzi wakachukua vibandiko 76 vilivyotolewa na programu hizo za kompyuta, wakavisoma kimoja kimoja. Nusu yake vilikuwa na makosa. Vingi vilikuwa vimetafsiriwa nusu: maneno machache ya Kihispania, halafu maneno ya Kiingereza yaliyoachwa katikati, kama lile "once" tulilolitaja. Vingine viliandikwa vibaya hata maana ikapotea.

Tuzingatie jambo hili. Mgonjwa aliyepewa kibandiko cha Kiingereza hujua kwamba hajui, na atamtafuta mtu wa kumsomea. Mgonjwa aliyepewa kibandiko cha lugha yake chenye makosa hudhani kwamba anajua. Huyu wa pili yuko katika hatari zaidi. Kwa hiyo madai ya wafanyakazi hayawezi kuishia kwenye tafsiri tu. Hapana budi yawe madai ya tafsiri iliyo sahihi, iliyosomwa na mtu anayeijua lugha na anayeijua dawa.

4. KUSOMA SI KUELEWA

Baadhi ya ndugu zetu watasema: "Basi, dawa ni kisomo. Watu wakijua kusoma, mambo yamekwisha." Sivyo kabisa. Mwaka 2006 ulitolewa uchunguzi mwingine, wa wagonjwa 395 wa Kimarekani wanaozungumza Kiingereza. Walionyeshwa kibandiko kinachosema: kula vidonge viwili kwa mdomo, mara mbili kwa siku. Kati ya wale wenye kisomo kidogo, watu 71 katika kila 100 waliweza kueleza sawasawa maagizo hayo. Walipoambiwa wahesabu vidonge vya siku nzima na kuviweka mezani, walioweza walikuwa 35 tu katika kila 100. Wengine waliweka viwili badala ya vinne.

Maneno walikuwa nayo, lakini hesabu haikuwamo katika maneno. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2011 jimbo la California liliweka kanuni za vibandiko vyenye herufi kubwa na maneno ya wazi. Badala ya kuandika "mara mbili kwa siku", mfamasia hushauriwa kuandika: kidonge 1 asubuhi, na kidonge 1 wakati wa kulala. Mtu haachiwi kazi ya kukisia. Maagizo ya namna hiyo yalitafsiriwa na kuwekwa tayari kwa Kihispania, Kichina, Kikorea, Kirusi na Kivietinamu.

5. DAWA ZA MLANGO WA NYUMA

Mtu asiyeelewana na mfamasia hutafuta pengine. Mahali pengi penye vibarua wa Kihispania kuna maduka madogo ya mtaani yanayouza mikate, simu na sabuni, na nyuma ya kaunta kuna dawa zilizovushwa mpakani. Kuna pia jirani anayepiga sindano, na kuna dawa za jadi. Hatuwacheki watu hawa. Wengi hawana bima. Wengine hawana hati za kuishi nchini na wanaogopa kila anayevaa sare. Wengine hukatwa mshahara wa siku wakienda kliniki. Mlango wa mbele ukifungwa, watu hupita wa nyuma.

Lakini huko nyuma kuna hatari za kweli. Ugonjwa wa tumbo la watoto unaoitwa "empacho" ulikuwa ukitibiwa na baadhi ya watu kwa unga wa rangi ya machungwa uitwao azarcón, au unga wa manjano uitwao greta. Mwaka 1981 na 1983 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza kwamba unga huo ni madini ya risasi, karibu tupu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na akili iliyopotea hairudi. Mama aliyempa mwanawe unga ule alikuwa akimpenda, hakuwa mjinga. Alitumia alichokijua, kwa sababu aliyejua zaidi hakusema naye kwa lugha yake.

Iko pia dawa ya homa iitwayo dipyrone, au metamizole. Marekani iliiondoa sokoni mwaka 1977 kwa sababu kwa baadhi ya watu huua chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Huko Meksiko iliendelea kuuzwa, na wahamiaji wakaendelea kuja nayo. Mgonjwa akifika hospitali na homa isiyoelezeka, daktari wa Kimarekani hafikirii kuuliza juu ya dawa ambayo kwake haipo. Halafu ziko antibiotiki, ambazo huko Meksiko ziliuzwa kama peremende hadi Agosti 2010, serikali ilipoanza kusimamia sharti la cheti cha daktari. Mtu hula vidonge vitatu vya antibiotiki, anapata nafuu, vinavyobaki anamwekea mkewe. Vijidudu visivyokufa hupata nguvu, na dawa haifanyi kazi tena. Tabia hii haina taifa. Iko kwetu pia.

6. DAWA NA KAZI YENYEWE

Hapa pana jambo ambalo madaktari wengi hulisahau na wafanyakazi hulijua kwa miili yao. Dawa hupimwa kwa mtu aliyepumzika. Mfanyakazi huila akiwa juani, au mbele ya tanuri.

Ziko dawa za presha zinazofanya kazi kwa kuongeza mkojo. Mchuma matunda wa California anayetumia dawa hiyo hutokwa na maji kwa mkojo na kwa jasho pamoja. Asipopewa maji ya kunywa na kivuli, ataanguka. Na kama choo kiko mbali au msimamizi anakataza kwenda, mfanyakazi ataamua mwenyewe kutokula dawa siku za kazi. Presha itapanda, na siku moja atapata kiharusi. Hapo mwajiri atasema kwamba mgonjwa hakufuata maagizo! California iliweka kanuni za kuwakinga na joto wafanyakazi wa nje mwaka 2005, ili wapate maji, kivuli na mapumziko, baada ya vibarua kadhaa kufa mashambani.

Ugonjwa wa sukari vivyo hivyo. Wakuu wa afya wa Marekani wanakadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wa asili ya Kihispania nchini humo wataupata ugonjwa wa sukari wa watu wazima katika maisha yao. Wengine wao hutumia insulini. Insulini haipendi joto. Chupa inayotumika kwa kawaida isiachwe mahali panapozidi nyuzi 30 za Selsiasi. Kibarua aiweke wapi, ikiwa analala kambini pasipo na jokofu na mchana kutwa yuko shambani? Tena insulini inadai chakula kwa wakati wake, na kengele ya kiwanda haijui wakati huo. Mfanyakazi wa zamu ya usiku aliyeambiwa kula dawa "baada ya chakula cha asubuhi" aulize: asubuhi ipi, ya kuamka au ya kulala?

Msiache dawa ya daktari kwa sababu ya maneno haya. Mwelezeni daktari na mfamasia kazi mnayoifanya, jua mnalokaa nalo, na saa za zamu yenu, ili maagizo yalingane na maisha.

7. MFAMASIA ANAFUNDISHWAJE?

Huko Marekani mtu hawi mfamasia kwa siku chache. Masomo huchukua kiasi cha miaka sita au zaidi baada ya sekondari, na tangu miaka ya 2000 shahada inayotakiwa ni ya udaktari wa famasi. Puerto Rico ina chuo chake cha famasi tangu mwaka 1913, ambako wafamasia husomeshwa kwa Kihispania na Kiingereza. Hata hivyo, katika Marekani kwa jumla, wafamasia wa asili ya Kihispania ni wachache sana kuliko sehemu yao katika idadi ya watu. Mtoto wa mchuma zabibu hafiki chuo kikuu kwa urahisi.

Kwa hiyo vyuo vingi vimeanza kuwafundisha wanafunzi Kihispania cha dawa, na kuwapeleka katika kliniki za vibarua wanaohamahama. Serikali ya Marekani iliweka sheria ya fedha za kliniki hizo mwaka 1962. Mwanafunzi hufundishwa mambo matatu. La kwanza, asimtumie mtoto wa mgonjwa kuwa mkalimani. Mtoto wa miaka tisa hawezi kutafsiri habari za ini la mama yake, na mama hatasema mbele yake mambo ya mwili wake. La pili, asitosheke na jibu la "ndiyo". Mfanyakazi mnyonge mbele ya mtu mwenye koti jeupe husema "ndiyo" kwa heshima tu. Amwombe mgonjwa aeleze mwenyewe: "Ukifika nyumbani utaitumiaje dawa hii? Nionyeshe." Akikosea, kosa ni la aliyeeleza, naye aeleze upya. La tatu, aulize juu ya dawa zote, pamoja na za jadi na za kutoka nyumbani, bila ya kukunja uso. Akikunja uso mara moja, hataambiwa tena.

Msaada mkubwa umetoka kwa watu wanaoitwa "promotoras". Hawa ni wanawake na wanaume wa mtaa au kambi ile ile, wengi wao wenyewe walikuwa vibarua, waliofundishwa mambo ya afya. Huwatembelea wenzao nyumbani, huangalia chupa za dawa, hukumbusha, husindikiza kliniki. Hawachukui nafasi ya daktari. Wanaziba pengo kati ya chupa na mdomo.

8. HAKI HAIKUJA YENYEWE

Wasomaji wa gazeti hili wafahamu kwamba katika historia hii vyama vya wafanyakazi vina sehemu yao. Mwaka 1932, New York, wafamasia na makarani wa maduka ya dawa waliunda chama kilichokuja kuitwa 1199, chini ya uongozi wa Leon Davis. Katika miaka ya 1936 na 1937 chama hicho kilipigana huko Harlem ili maduka ya dawa yaajiri wafamasia Weusi. Baadaye kilitoka madukani kikaingia hospitalini, kwa wafagiaji, wapishi na wafuaji, ambao wengi walikuwa Weusi na watu wa Puerto Rico. Mei 1959 wafanyakazi wapatao 3,500 wa hospitali saba waligoma kwa siku 46. Wafamasia wenye shahada hawakuona haya kusimama na wafagiaji.

Huko California, tarehe 8 Septemba 1965, wachuma zabibu wa Kifilipino wakiongozwa na Larry Itliong waligoma huko Delano. Siku nane baadaye wafanyakazi wa Kimeksiko wa chama cha César Chávez na Dolores Huerta wakajiunga nao. Lugha zao zilikuwa mbalimbali, na waajiri walikuwa wamezoea kulitumia kundi moja kuvunja mgomo wa jingine. Safari hii hawakufaulu. Mgomo ulichukua miaka mitano. Mapatano ya mwaka 1970 hayakuwa ya mshahara tu: mwajiri alitakiwa kutoa senti 10 kwa kila saa ya kazi kwa ajili ya mfuko wa matibabu, na kulikuwa na masharti juu ya sumu zinazopuliziwa mashambani. Afya iliandikwa ndani ya mkataba.

Na juu ya vibandiko vyenyewe? Mwaka 2007, wahamiaji waliojiunga katika chama kinachojulikana leo kwa jina la Make the Road New York, pamoja na mawakili wao, walipeleka mashtaka kwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Hoja yao ilitegemea sheria za haki za raia, na hasa sheria ya mwaka 1964 inayokataza kumbagua mtu kwa asili yake: kumpa mtu dawa bila ya maelezo anayoyaelewa ni kumbagua. Mwaka 2008 na 2009 kampuni kubwa za maduka ya dawa zilikubali kutoa ukalimani na tafsiri. Mwaka 2009 jiji la New York liliweka sheria yake, na mwaka 2012 jimbo zima likafuata. California iliweka sheria ya tafsiri za maagizo ya dawa iliyoanza kutumika Januari 2016, na Oregon ikaweka yake mwaka 2019.

Lakini kinachopatikana chaweza kunyang'anywa. Mwaka 2000 rais wa Marekani alitoa amri ya kuzitaka idara za serikali ziwahudumie watu wasiojua Kiingereza vizuri. Machi 2025 rais mwingine aliifuta amri hiyo na kutangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sheria ya 1964 ilibaki, na sheria za majimbo zilibaki. Amri ya mtu mmoja hufutwa na mtu mmoja. Sheria iliyodaiwa na wengi ina mizizi mirefu zaidi.

9. NA SISI JE?

Tusiwaonee huruma wenzetu wa mbali tukajisahau. Bahasha zetu za dawa huandikwa "1x3", na mwenzetu mmoja husoma kidonge kimoja mara tatu, na mwingine husoma vidonge vitatu mara moja. Tukiambiwa "kutwa mara tatu", kumbukeni kwamba kutwa, kwa maana yake ya asili, ni mchana, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mtu aweza kuvila vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, kumbe dawa ile ilitakiwa kila baada ya saa nane, usiku pia.

Na saa zetu zenyewe ni mtego. Maandishi ya Kiingereza yakisema saa 8 za asubuhi, maana yake ni saa mbili yetu. Anayeona tarakimu 8 akafikiri ni saa nane ya mchana, amechelewa kwa saa sita kamili. Huo ndio mtego wetu wa "once".

Basi kila mwanachama asiondoke dirisha la dawa kabla ya kuuliza haya:
(a) Dawa hii inaitwaje, na inatibu nini?
(b) Nile vidonge vingapi asubuhi, vingapi mchana, vingapi usiku?
(c) Nile kabla au baada ya chakula, na kwa siku ngapi?
(d) Nisichanganye na nini? Hapa ataje dawa zote anazotumia, na za mitishamba pia.
(e) Nikisahau mara moja, au nikijisikia vibaya, nifanye nini?
Halafu ayarudie kwa maneno yake mwenyewe, hapo hapo dirishani. Kuuliza si ujinga.

Na kila tawi lidai katika mazungumzo na mwajiri: maagizo ya dawa katika zahanati ya kampuni yaandikwe kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti, awepo mtu wa kutafsiri kwa wasiojua Kiswahili, muda wa kwenda zahanati usikatwe mshahara, maji na choo viwe karibu na mahali pa kazi, na mwenzetu mmoja katika kila mstari wa nyumba afundishwe kazi kama ile ya "promotoras". Madai haya hayamfilisi mwajiri yeyote.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Kwa nini kibandiko kilichotafsiriwa vibaya kina hatari kuliko kisichotafsiriwa?
2. Kila mmoja alete bahasha au chupa moja ya dawa kutoka nyumbani. Msomeeni mwenzenu asiyejua kusoma, kisha ahesabu vidonge vya siku moja mezani. Ni wangapi wamepata?
3. Kazi yenu ina joto, vumbi, sumu au zamu za usiku. Ni dawa zipi ambazo wenzenu wameziacha kwa sababu ya kazi? Nani aelezwe habari hizo?
4. Wafilipino na Wameksiko wa Delano walitenganishwa kwa lugha. Katika kiwanda au shamba lenu, nani hutenganishwa na nani, na kwa faida ya nani?
5. Kati ya madai matano ya tawi, lipi laweza kupatikana mwaka huu? Mchagueni mtu wa kulipeleka, na muandike siku atakayoleta majibu.